Jeni Nzima Isiyosomwa: Somo la Promota kwa Wanafunzi wa Lugha

Tuanze na sentensi moja: "Watu wa Afrika ya Kati hawana jeni ya Duffy, kwa hiyo hawapati malaria." Sentensi hii ni fupi na sarufi yake ni safi. Mwanafunzi yeyote wa kitivo chetu akipewa kazi ya kutayarisha karatasi ya afya kwa ajili ya wakazi wa Pangi, Kalima au Kindu anaweza kuiandika kwa nia njema kabisa. Hata hivyo ina makosa mawili. La kwanza ni la biolojia: jeni hiyo wanayo. La pili limezaliwa na la kwanza, nalo linaweza kumgharimu mtu maisha: malaria wanapata. Makala haya yanakusudia kuisahihisha sentensi hiyo neno kwa neno. Ili tufike huko, hatuna budi kupita katika kipande kidogo cha DNA kiitwacho promota.

Huenda msomaji akauliza biolojia inatafuta nini katika jarida la lugha. Jibu ni kwamba wanabiolojia ndio waliotangulia kuja kwetu. Walipotafuta maneno ya kueleza kazi ya jeni, waliazima ya wanaisimu na wanamaandishi: herufi, kusoma, unukuzi, tafsiri, mjumbe. Maneno hayo tunayatumia kila siku darasani. Basi ni wajibu wetu kujua yanafanya kazi gani yakiwa ugenini, maana ni sisi tutakaoitwa kuyarudisha nyumbani kwa Kiswahili kinachoeleweka.

1. Unukuzi wetu na unukuzi wa seli

Katika somo la fonetiki tumefundishwa kwamba unukuzi ni kuyachukua matamshi na kuyaandika kwa alama. Lugha inabaki ileile; kinachobadilika ni namna ya kuiweka. Katika seli pia, unukuzi ni kuchukua sehemu ya DNA (vitabu vyetu vya Kifaransa huandika ADN) na kuiandika upya katika umbo la RNA. DNA ina herufi nne: A, T, G na C. RNA nayo ina nne, ila mahali pa T huweka U. Kwa hiyo lugha haijabadilika, mwandiko tu ndio uliobadilika kidogo.

Baada ya hapo huja tafsiri. Herufi za RNA husomwa tatutatu, na kila kundi la herufi tatu huitia asidi amino moja kati ya 20, au hutoa amri ya kusimama. Asidi amino zikiungana kwa mfuatano zinakuwa protini. Hapa lugha imebadilika kwelikweli: tumetoka katika herufi tukaingia katika kitu kingine kabisa. Waliochagua majina haya mawili, unukuzi na tafsiri, hawakukosea.

Kiswahili kinatusaidia kuona jambo jingine ambalo lugha nyingi hulificha. Kunakili na kunukuu si kitu kimoja. Anayenakili kitabu hukiandika chote, ukurasa kwa ukurasa. Anayenukuu huchagua kifungu anachokihitaji na kukiacha kingine. Seli inapojiandaa kugawanyika inanakili DNA yake yote. Inapofanya kazi zake za kila siku inanukuu: inachukua kifungu hiki, inaacha kile. Ndiyo maana neno unukuzi linafaa zaidi kwa kazi tunayoizungumzia hapa.

Na vya kuachwa ni vingi. Seti moja ya DNA ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3, na jeni zinazoongoza utengenezaji wa protini ni kama 20,000. Karibu kila seli ya mwili inabeba maandishi hayohayo: seli ya ini, ya ngozi, ya uboho. Hata hivyo seli ya ini haitengenezi hemoglobini, wala seli ya ngozi haimeng'enyi chakula. Kitabu ni kimoja, nukuu ni tofauti. Swali la msingi la somo hili ni moja: nani anaamua kifungu gani kinukuliwe, wapi na lini?

2. Mahali nukuu inapoanzia

Viumbe ambavyo seli zao zina kiini huitwa yukarioti. Sisi tumo, muhogo umo, uyoga umo, mbu yumo, na hata kijidudu cha malaria chenyewe kimo. Katika viumbe hivi DNA hukaa ndani ya kiini, na unukuzi hufanyika humo. RNA mjumbe ikishatayarishwa hutoka nje ya kiini, na huko ndiko tafsiri inakofanyika. Bakteria hawana kiini, kwa hiyo kwao kazi hizo mbili huenda pamoja, tafsiri ikianza kabla unukuzi haujamalizika.

Kimeng'enya kinachonukuu jeni za protini katika yukarioti huitwa RNA polimerasi II. Mwaka 1969 Robert Roeder alionyesha kwamba seli hizi zina polimerasi za RNA za aina tatu, na hii ya pili ndiyo inayotuhusu. Jambo la kushangaza ni kwamba polimerasi hiyo peke yake haijui pa kuanzia. Ukiiweka mbele ya DNA tupu, ni kama mgeni aliyepewa kitabu kisicho na vichwa vya habari, wala aya, wala nafasi kati ya maneno.

Promota ndiyo inayotatua tatizo hilo. Ni sehemu ya DNA iliyo jirani na mahali unukuzi unapoanzia, hasa kabla yake. Kazi yake kuu si kuagiza protini. Ni kuwa kituo ambapo protini za unukuzi hukusanyika na kuipokea polimerasi. Katika baadhi ya jeni kuna neno fupi lenye mfuatano wa TATA, herufi kama 25 hadi 30 kabla ya mwanzo. Jeni nyingi za binadamu hazina TATA kamili; zina alama nyingine zinazofanya kazi ileile.

Mpangilio wa kazi, kwa ufupi, ni huu. Kwanza kundi la protini liitwalo TFIID hushika promota. Ndani yake mna protini iitwayo TBP, ambayo hulishika neno TATA na kuipinda DNA. Kisha huja TFIIB. Halafu polimerasi inafika ikifuatana na TFIIF. Mwishoni huingia TFIIE na TFIIH. TFIIH hufungua nyuzi mbili za DNA ili herufi zionekane, na hutia alama za fosfeti kwenye mkia wa polimerasi. Hapo polimerasi huachana na promota na kuanza safari. Roger Kornberg alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2006 kwa kuchunguza jinsi mtambo huu wa yukarioti ulivyoundwa na unavyofanya kazi.

Lakini angalia vizuri: mtambo huu wa jumla upo karibu katika kila seli. Kitu kilichopo kila mahali hakiwezi kueleza tofauti. Kama TFIID iko kwenye ini na iko kwenye uboho, basi si yenyewe pekee inayoamua kwamba hemoglobini itengenezwe ubohoni na si inini. Lazima kuwe na wasomaji wengine.

3. Wasomaji teule

Ndani ya promota na karibu yake mna maneno mengine mafupi, mara nyingi yenye herufi sita hadi kumi na mbili. Kila neno lina protini yake inayolitambua. Protini hizi za unukuzi hazipo katika kila seli. Mojawapo huitwa GATA-1, nayo hupatikana kwa wingi katika seli za uboho zinazozaa seli nyekundu za damu. Inatambua mfuatano wa GATA ukitanguliwa na A au T, na ukifuatwa na A au G. Ikilipata neno lake, hulishika na kusaidia mtambo wa jumla ukusanyike hapo. Isipolipata, mtambo unaweza usikusanyike kabisa, hata kama jeni iliyo mbele ni nzima.

Hapa sisi wa Maniema tuna mfano wa kutusaidia kufikiri. Warega wa Pangi wana Bwami, chama chenye ngazi zake, na ngazi ya juu kabisa kwa wanaume ni kindi. Sanamu ndogo za mti na za pembe za ndovu hazikuwekwa hadharani. Zilihifadhiwa kikapuni au mfukoni, zikatolewa wakati wa sherehe, mbele ya wanaostahili kuziona. Na hata ikishatolewa, sanamu haisemi peke yake: maana yake huja pamoja na mithali, wimbo na ngoma, kwa kinywa cha mwalimu aliyefika ngazi hiyo. Mtu asiye na ngazi angeweza kukaa nyumba moja na kikapu hicho miaka mingi bila kuambulia somo hata moja. Sanamu ni nzima, mafundisho yapo, ila msomaji hayupo.

Jeni katika seli iko vivyo hivyo. Seli ya ini ina jeni ya hemoglobini, lakini haina wasomaji wake. Mfano huu una mipaka, na lazima tuitaje. Bwami ni kazi ya watu wenye hiari, heshima na siri. Seli haina siri wala haina nia. Protini hushika DNA kwa sababu maumbo yao yanalingana, kama ufunguo na kitasa. Tunaposema protini "inasoma" au "inaamua", tunatumia sitiari, na mwanafunzi wa lugha anapaswa kulikumbuka hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

4. Kutoka GATA hadi GGTA

Sasa tunaweza kurudi kwenye sentensi yetu. Duffy ni jina la mgonjwa aliyehitaji kuongezewa damu nchini Uingereza. Mwaka 1950 watafiti waligundua katika damu yake kingamwili iliyofichua kundi jipya la damu, wakaliita kwa jina lake. Kundi hilo linatokana na protini inayokaa juu ya seli nyekundu. Mwaka 1955 ilionekana kwamba Wamarekani Weusi wengi hawana protini hiyo kabisa kwenye seli zao nyekundu. Baadaye ilidhihirika kwamba hali hiyo ndiyo ya kawaida kwa watu wengi mno wa Afrika ya Magharibi na ya Kati, tukiwamo sisi.

Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba watu wasio na protini hiyo kwenye seli nyekundu hawakuambukizwa Plasmodium vivax, mojawapo ya vijidudu vya malaria. Sababu yake ilikuja kueleweka: kijidudu hicho huitumia protini ya Duffy kama mlango wa kuingilia katika seli nyekundu. Mlango usipokuwapo, kinabaki nje.

Kwa nini mlango haupo? Ni rahisi kudhani kwamba jeni imepotea au imeharibika. Mwaka 1995 watafiti wa Paris, Christophe Tournamille na wenzake, waliisoma jeni hiyo herufi kwa herufi katika watu wasio na Duffy. Sehemu inayoagiza protini waliikuta nzima. Tofauti iliyoleta matokeo haya yote ilikuwa nje ya sehemu hiyo, ndani ya promota: mahali pa T palikuwa na C. Walilipa badiliko hilo nafasi ya -46, yaani herufi 46 kabla ya mahali walipohesabu kuwa ni mwanzo wa unukuzi. Katika maandiko ya sasa utaliona mara nyingi likiandikwa -67, kwa kuwa siku hizi huhesabiwa kutoka mwanzo wa tafsiri. Badiliko ni lilelile; kilichohama ni sifuri ya rula.

DNA ina nyuzi mbili zinazotazamana, T ikiikabili A, na C ikiikabili G. Kwa hiyo T ikigeuka kuwa C kwenye uzi mmoja, A hugeuka kuwa G kwenye uzi wa pili. Soma uzi huo wa pili. Kwa kawaida umeandikwa AGATAAG. Katika damu yetu umeandikwa AGGTAAG. Neno GATA limekuwa GGTA. Msomaji aitwaye GATA-1 anafika, haoni neno lake, hakai. Polimerasi haiitwi, na jeni hainukuliwi katika seli zinazozaa seli nyekundu.

Herufi moja kati ya bilioni 3. Kwa Kiswahili tunajua nguvu ya herufi moja: mwana na mwani, kufa na kufaa. Lakini huo ni mfano wa herufi iliyo ndani ya neno lenyewe, inayobadilisha maana. Badiliko la promota ni la namna nyingine. Halibadilishi maana ya kifungu. Linabadilisha nani atakayekisoma.

5. Tunajuaje kwamba jeni ni nzima?

Mwanafunzi mzuri hudai ushahidi. Upo wa aina mbili.

Kwanza, protini ya Duffy hutengenezwa pia katika seli zinazotanda mishipa midogo ya damu, ambako kazi yake ni kushika molekuli zinazoziita seli za kinga mahali penye uvimbe. Katika seli hizo si GATA-1 inayoongoza unukuzi wa jeni hii. Basi tukitabiri kwa kufuata nadharia ya promota, tutasema: mtu mwenye GGTA atakosa Duffy kwenye seli nyekundu lakini atakuwa nayo kwenye mishipa. Walipochunguza, ndivyo walivyokuta. Jeni moja, mtu mmoja, mahali pamoja inanyamaza, mahali pengine inasema.

Pili, kuna ushahidi wa wodini. Kwa kawaida mtu asiye na antijeni fulani, akiongezewa damu yenye antijeni hiyo, mwili wake unaweza kuiona ni ngeni na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Umbo la Duffy lililo katika jeni zetu nyingi huitwa Fyb. Watu wenye badiliko hili la promota, wakiongezewa damu yenye Fyb, kwa kawaida hawatengenezi kingamwili dhidi yake. Kwa nini? Kwa sababu mwili unaijua tayari: inaiona kila siku kwenye mishipa. Kama jeni ingekuwa imepotea kabisa, mwili usingeitambua. Kinga ya mwili imesoma kile ambacho seli nyekundu haikusoma.

Kwa hiyo neno "hawana" katika sentensi yetu linaanguka. Jeni wanayo. Kisichofanyika ni unukuzi wake, tena katika aina moja tu ya seli.

6. Wasomaji wa mbali na kitabu kilichofungwa

Ingekuwa kosa kumfanya msomaji aamini kwamba promota inafanya kila kitu peke yake. Katika yukarioti yapo maneno mengine yaliyo mbali sana na jeni, ambayo huongeza unukuzi wake. Tuyaite viimarishi. Vinaweza kuwa maelfu ya herufi kutoka kwenye promota, lakini DNA hujikunja mpaka kiimarishi na promota vikakutana, protini zikiwa katikati kama wapatanishi.

Mfano mzuri uko kwa majirani zetu. Laktasi ni kimeng'enya kinachomeng'enya sukari ya maziwa. Kwa watu wengi duniani unukuzi wa jeni yake hupungua baada ya utoto, na mtu mzima akinywa maziwa mengi tumbo humsumbua. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Miongoni mwa jamii za wafugaji walipata mabadiliko ya herufi moja moja yanayoifanya jeni hiyo iendelee kunukuliwa ukubwani. Lililoenea zaidi Tanzania na Kenya ni G iliyogeuka C, herufi 14,010 kabla ya jeni ya laktasi, na imekaa ndani ya jeni nyingine kabisa. Wazungu wengi wanaokunywa maziwa wana badiliko lao, nafasi ya 13,910. Njia tofauti, matokeo yaleyale.

Linganisha visa hivi viwili. Kwa Duffy, herufi moja ndani ya promota inazima unukuzi mahali fulani. Kwa laktasi, herufi moja katika kiimarishi cha mbali inauzuia unukuzi usizimike wakati fulani. Hakuna hata kimoja kilichobadilisha protini yenyewe. Vyote viwili vimeenea kwa sababu vilimfaa mtu aliyekuwa navyo: huku kinga dhidi ya vivax, kule chakula. Badiliko la promota ya Duffy limeonekana hata Papua Guinea Mpya, nchi yenye vivax nyingi, likiwa limetokea kwenye umbo la Fya na si Fyb, dalili kwamba lilizuka huko kivyake.

Tena kuna jambo la ufungashaji. DNA ya yukarioti imezungushwa juu ya protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye vigurudumu. Sehemu iliyokazwa sana haisomeki, hata kama promota yake ina kila neno linalohitajika. Seli hulegeza sehemu fulani kwa kutia alama za kikemikali kwenye histoni, na hukaza nyingine. Kutia alama za methili kwenye DNA ya promota mara nyingi huenda pamoja na kunyamaza kwa jeni. Basi ili jeni inukuliwe, mambo yafuatayo hukutana: kitabu kimefunguliwa, neno limeandikwa sawasawa, na msomaji yupo.

7. Tuiite nini?

Neno promota lina wenyewe mjini. Ni mtu anayeandaa pambano la ngumi au tamasha la muziki. Kifaransa nacho kina taabu hiyohiyo, kwani promoteur ni pia mwenye mradi wa kujenga majumba. Wapo watakaopendekeza "kianzishi" au "kichocheo". Kichocheo hakifai, kwa sababu tayari kinatumika kwa homoni na kwa vitu viongezavyo kasi ya mmenyuko wa kemikali. Kianzishi kina uzuri wake, lakini kinaweza kuchanganywa na mwanzo wenyewe wa unukuzi, yaani herufi ya kwanza kunukuliwa.

Napendekeza tubaki na promota, kwa sababu ya sarufi yetu wenyewe. Promota wa muziki ni mtu, naye huchukua upatanisho wa viumbe hai: promota amefika, promota wale wamelipwa. Promota ya jeni ni kitu: promota imebadilika, promota zile zimefungwa. Ngeli inatenganisha maana bila kuhitaji maelezo. Na inafanya zaidi ya hapo: inatukataza kuipa promota ya jeni akili na hiari. Anayeandika "promota anaamua" amekosea sarufi na biolojia kwa pamoja. Kiswahili cha Maniema hakijawahi kuogopa kuazima. Kama kiliweza kulifanya "leta" lake kutoka katika l'État ya Kifaransa, promota haitakishinda. Kinachotakiwa ni kulipa neno ngeli yake na kuilinda.

8. Kuisahihisha sentensi

Tumebakiwa na nusu ya pili: "kwa hiyo hawapati malaria." Malaria si kijidudu kimoja. Plasmodium falciparum, ambacho ndicho kinachoua watoto wengi zaidi barani Afrika, hakihitaji mlango wa Duffy. Kina milango mingine. Ripoti za Shirika la Afya Duniani huiweka nchi yetu nafasi ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria. Na hata kwa vivax kinga hii si ukuta usiopenyeka. Mwaka 2010 iliripotiwa kutoka Madagaska kwamba vivax iliwaambukiza watu wasio na Duffy kwenye seli nyekundu. Katika nchi yetu, damu za watu wazima karibu 18,000 zilizochukuliwa mwaka 2013 na 2014 zilipochunguzwa, vivax ilikutwa kwa watu karibu 3 kati ya kila 100, na karibu wote walikuwa hawana Duffy.

Sentensi yetu, basi, iandikwe hivi:

"Watu wengi mno wa Afrika ya Kati wana jeni ya Duffy iliyo nzima, lakini promota yake imebadilika herufi moja, hivyo jeni hiyo hainukuliwi katika seli zinazozaa seli nyekundu za damu. Kwa sababu hiyo Plasmodium vivax huwaambukiza kwa nadra; Plasmodium falciparum huwaambukiza bila kizuizi hicho."

Ni ndefu kuliko ya kwanza, na inafaa kwa mhadhara. Kwa karatasi ya kubandikwa kwenye kituo cha afya, mtafsiri mwenye busara ataacha promota yote nje na kuandika: "Damu yetu haitukingi na malaria inayoua. Mtoto akishikwa na homa, apelekwe apimwe siku hiyohiyo." Anayeijua promota ndiye anayejua ni lini aitaje na ni lini ainyamazie. Lakini asiyeijua ataandika "hawana jeni", na mama mmoja kijijini ataamini kwamba homa ya mwanawe si malaria.

Maswali ya mazoezi

1. Eleza tofauti kati ya kunakili, kunukuu na kutafsiri, kwanza katika lugha, kisha katika seli.
2. Kwa nini mtambo wa jumla wa unukuzi hauwezi kueleza tofauti kati ya seli ya ini na seli ya uboho?
3. Andika uzi unaokabiliana na CTTATCT, uusome kutoka mwisho hadi mwanzo, kisha uzungushie neno linalotambuliwa na GATA-1.
4. Mfano wa kikapu cha Bwami unafaa wapi na unakwama wapi? Tafuta mfano mwingine kutoka kwenu, uonyeshe mipaka yake.
5. Tunga sentensi nne zenye neno promota, mbili za mtu na mbili za jeni, ukizingatia upatanisho wa ngeli.